Weusi kwenye Sarafu za Fedha: Tambua Kwanza, Ndipo Uguse

Sarafu ya madini ya fedha iliyokaa miaka mingi huingia weusi, na anayeipata hukimbilia dawa ya meno na kitambaa. Tunaomba sana usifanye hivyo. Weusi huo kwa kawaida hauli sarafu. Msuguo ndio unaoila, na uso uliokwisha kukwanguliwa haurudi.

Weusi wenyewe ni salfaidi ya fedha. Hewani mna gesi chache zenye salfa, nazo zikikutana na fedha penye unyevu hujenga utando. Utando mwembamba huonekana wa manjano. Unavyozidi unene hugeuka kahawia, zambarau, buluu, hatimaye mweusi. Ukiwa laini na umeshikamana vizuri na sarafu, uache. Wakusanyaji wengi huithamini sarafu yenye rangi hiyo kuliko iliyong'arishwa.

Lakini si kila doa ni salfaidi. Shika sarafu kwa ukingo, iangalie kwa lenzi inayokuza mara 10 huku mwanga ukitoka ubavuni. Ukijani unaonata kama mafuta umetoka kwenye vifuko laini vya plastiki ya PVC, na huo lazima uondolewe kwa sababu una asidi inayoendelea kula sarafu. Ukijani mkavu wa unga ni kutu ya shaba iliyochanganywa na fedha. Sarafu za fedha za Uingereza, kwa mfano, zilikuwa na fedha asilimia 92.5 hadi mwaka 1920, kisha zikashushwa hadi asilimia 50. Shaba ikizidi, kutu hiyo nayo huja kwa urahisi zaidi. Ukiona gamba la kijivu kama nta kwenye sarafu iliyotoka ardhini au baharini, hiyo ni kloridi ya fedha. Usilibandue: mara nyingine maandishi yamebaki ndani ya gamba lenyewe. Mpelekee mhifadhi wa vitu vya kale.

Mabaki ya PVC na mafuta huondolewa kwa asetoni safi, si ile ya kufutia rangi ya kucha, ambayo huwa na manukato na mafuta. Fungua madirisha, weka moto mbali. Tumia chombo cha kioo, maana asetoni huyeyusha plastiki nyingi. Lowesha sarafu dakika 10, ihamishie kwenye asetoni mpya dakika 1, kisha iache ikauke bila kuifuta. Weusi ukibaki palepale, usishangae: asetoni haigusi salfaidi.

Kwa vumbi na jasho, tumia maji yaliyotoneshwa (yaliyosafishwa kwa kugeuzwa mvuke na kupozwa) ya vuguvugu yenye matone 2 au 3 ya sabuni laini ya maji. Usipige brashi. Suuza kwa maji mengine yaliyotoneshwa, kwani ya bomba huwa na klorini, kisha kandamiza kwa kitambaa laini pasipo kusugua.

Wengi hupenda njia ya foili ya aluminiamu: lita 1 ya maji ya moto, kijiko 1 kikubwa cha bikaboneti ya soda, sarafu ikigusa foili. Salfa huachana na fedha, na utasikia harufu ya yai viza. Kasoro yake ni kwamba fedha inayorudi hukaa kama chembechembe, hivyo uso hubaki mweupe uliofifia na huweza kuingia weusi upesi kuliko awali. Ijaribu kwa sarafu isiyo na thamani tu. Dawa za kuchovya zenye kemikali iitwayo thaiorea na asidi ni kali zaidi: huyeyusha tabaka la juu pamoja na mistari midogo mno iliyoachwa na mhuri wa kugongea sarafu, ile inayofanya mwanga uzunguke usoni mwa sarafu mpya. Zisiposuuzwa vizuri, huacha madoa ya kahawia.

Sarafu ikishakauka kabisa, ihifadhi kwenye vifuko vya plastiki ya poliesta, kila moja peke yake. Iepushe na mipira ya kufungia pesa, sufu, kadibodi na glavu za mpira. Vyote hivyo vinaweza kutoa salfa. Weka pakiti ya silika (chembe zinazofyonza unyevu) ndani ya sanduku linalofungwa barabara, unyevu ukae chini ya asilimia 40. Silika yenye rangi ya kuonyesha unyevu ikibadilika, ikaushe au weka nyingine.