Mninga umeuzwa kiasi gani? Soma daftari la muuzaji na la mnunuzi

Nikiletewa takwimu za biashara ya mbao ngumu kati ya nchi na nchi, siulizi kwanza kama imepanda au imeshuka. Nauliza ni nani aliyeandika. Mzigo unaovuka mpaka huandikwa mara mbili, na forodha unakotoka na forodha unakoingia. Thamani hazitalingana sawasawa, maana mnunuzi kwa kawaida hujumlisha nauli na bima. Lakini ujazo wa gogo haukui baharini.

Mfano unaoniuma hadi leo ni wa kwetu. Mwaka 2007 TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea ya porini, lilitoa ripoti kuhusu uvunaji wa misitu kusini mwa Tanzania. Mazao ya misitu ambayo China iliandika kuyapokea kutoka kwetu mwaka 2005 yalikuwa mara 10 ya yale tuliyoandika sisi kuyauza. Aliyesoma daftari letu pekee angesema biashara ni ndogo na msitu uko salama.

Halafu kuna vipimo, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Huku Tabora tunahesabu vipande: mbao ya inchi 2 kwa 6 yenye urefu wa futi 12 ni futi 1 ya ujazo kamili, kwa hiyo mita 1 ya ujazo ni mbao kama 35. Forodha nyingine huandika kilo. Mita ya ujazo ya mninga mkavu ina kilo 600 na kitu, ya mpingo inapita 1,200. Ukigeuza kilo za mpingo kwa uzito wa mninga, umeongeza mpingo karibu maradufu kwa kalamu tu. Tena mita 1 ya mbao imekula mita 2 au zaidi za gogo. Gabon ilipozuia kuuza magogo nje mwaka 2010, aliyefuatilia magogo peke yake angedhani misumeno imenyamaza, kumbe gogo sasa linapasuliwa kabla ya kusafiri.

Namba ambazo forodha hutumia kutambulisha aina ya bidhaa nazo hubadilika. Magogo ni 4403, mbao zilizopasuliwa ni 4407. Ndani ya 4407 mvule una namba yake, ila mninga na mkurungu hutupwa kwenye kapu la "nyinginezo". Mwaka 2022 mtiki ulitolewa kapuni ukapewa namba yake, na kapu likapungua bila mti hata mmoja kuokolewa. Kwa hiyo msilinganishe 2021 na 2022 kabla ya kuurudisha mtiki kapuni.

Watu wa Kigoma wanaelewa upesi shida nyingine: asili ya mzigo. Mbao za Kongo zikivuka ziwa kutoka Kalemie na kupanda treni hadi Dar es Salaam, mnunuzi wa mbali anaweza kuziandika kuwa za Tanzania.

Kilichonipa matumaini ni vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Mkurungu uliingia kwenye orodha ya mkataba huo mwaka 2019, na tangu Februari 2023 jamii yote ya mninga barani Afrika imo. Kibali hutaja jina la mti, jambo ambalo namba ya forodha haifanyi kwa mninga wala mkurungu. Kwa miti hiyo sasa nalinganisha madaftari matatu, la muuzaji, la mnunuzi na la vibali, na kila yanapokataana naanza kwa kuuliza mzigo ulipakiwa wapi.