Mtoto wa Miaka Sita Hahitaji Simba

Wiki hii tena. Mzazi mmoja wa Njiro, hapa Arusha, kanipigia, na sauti yake ni ya mtu aliyekwisha kuamua: "Kaka, Jumamosi tunataka kuwatoa watoto, wafurahi na wajifunze kidogo. Ila usitupeleke hapo Hifadhi ya Arusha, hapo hakuna simba. Tupeleke kreta ya Ngorongoro, jioni tunarudi." Nikamuuliza hao watoto wako darasa gani. Mmoja chekechea, mwingine la pili.

Nimechoka kulijibu hili kwenye simu. Naliandika hapa, na atakayeuliza tena nitamtumia asome.

Ni kweli, Hifadhi ya Arusha haina simba. Ina chui, ina fisi, ina nyati wa kutosha kumfanya ranja asithubutu kutembea na wageni bila bunduki, lakini simba huko hutampata. Sasa nani aliyewaambia kwamba mtoto asiyeona simba hajaona kitu?

Tuipige hesabu ya hiyo kreta, yaani shimo la volkano ya kale. Kutoka mjini hadi geti la Ngorongoro ni zaidi ya kilomita 150. Mnaondoka saa kumi na moja alfajiri, mtoto wa chekechea anabebwa na blanketi lake. Getini kuna foleni. Mnapanda hadi ukingoni, mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari, baridi inauma na ukungu umefunika kila kitu. Mnashuka mita 600 hadi chini. Huko hakuna kuteremka garini ila sehemu ya kulia chakula na ya choo, na pale Ngoitokitok, mkifungua lanchi boksi, mwewe anashuka na kuondoka na mkate uliokuwa mkononi mwa mtoto. (Kusema kweli, wengi hulikumbuka hilo kuliko yote.) Simba mnampata, ndiyo. Amelala. Simba anaweza kulala hata saa 20 kwa siku, na kwa mtoto anayechungulia katikati ya mabega ya watu wazima, simba aliyelala ni sikio moja ndani ya nyasi. Kisha ni safari ya kurudi, mtu anatapika kabla ya Makuyuni, na mnafika nyumbani usiku mkiwa hamsemezani.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi kabla ya kulipa: chini ya kreta hakuna twiga. Waulize watoto wako leo jioni wanataka kuona mnyama gani, uone ni wangapi watamtaja twiga.

Ngorongoro siidharau, ndiyo inayonilisha. Mtoto akifikia miaka kumi hivi, mkalala Karatu usiku mmoja, itampendeza sana. Ninayoikataa ni kwenda na kurudi siku hiyo hiyo na wadogo, eti kwa ajili ya simba.

Sasa hapa nyumbani. Kutoka Arusha hadi Hifadhi ya Arusha haifiki saa moja. Ukishapita geti la Ngurdoto, uwanda wa kwanza unaitwa Serengeti Ndogo, na mara nyingi twiga, pundamilia na nyati wako hapo hapo. Mambo ya twiga mnayajua, sitayarefusha.

Ninapotaka tukae ni kwa mbega, yule tumbili mweusi mwenye manyoya marefu meupe. Hapa ndipo madereva wanaponiudhi: "Mbega hao juu, mmewaona? Haya twende." Dakika moja! Mnyama huyu peke yake anatosha asubuhi nzima kama mtu ana subira.

Mbega hana kidole gumba. Kimebaki kinundu tu. Hili usilisome kwa sauti kutoka kwenye simu. Waambie watoto wakunje gumba ndani ya kiganja, ulifunge kwa mpira wa pesa, kisha mpe kila mmoja pakiti ya biskuti aifungue. Fanyeni ndani ya gari, vioo vimefungwa, maana nyani wa huko biskuti wanaijua vizuri na hawaombi. Watahangaika, watacheka, mmoja atatumia meno. Baada ya hapo ndipo uwaonyeshe mbega anavyoruka: vidole vinne vinakunjwa na kushika tawi, anaachia, anashika lingine. Vitabu vinasema gumba lingekuwa linamkwamisha. Inawezekana, ila mimi maelezo ya "hakihitajiki ndiyo maana hakipo" hayajawahi kunikaa sawa, kwa hiyo nawaacha watoto wabishane. Darasa la nne waliwahi kubishana nyuma ya gari hadi tukafika kwenye maziwa ya Momella.

Kisha watauliza kwa nini anakaa tu. Kwa sababu anakula majani, na majani hayana haraka. Tumbo lake lina vyumba, na ndani yake bakteria wanayachachusha majani kwa saa nyingi. Yule aliyejikunyata tawini hana uvivu wowote, yuko kazini. Mara nyingi hapo karibu kuna kima, anayependa matunda na anayehangaika huku na huku. Walinganishe wenyewe. Mkibahatika kuona kitoto cha mbega, ni cheupe chote, hakifanani na mama yake, na hapo maswali hayaishi. Kwa wakubwa kidogo, waambie pia kwamba yale manyoya marefu meupe yaliuzwa sana Ulaya karne ya 19, na mbega waliuawa kwa wingi kwa ajili yake.

Kreta ya Ngurdoto: ichungulieni kutoka juu, kushuka hairuhusiwi, dakika kumi zinatosha.

Momella ndiyo sababu ya pili ya kuja. Mtoto wa Sakina au Ngaramtoni anauona Mlima Meru kila asubuhi na anaamini ni koni kamili, kama anavyouchora shuleni. Mpeleke Momella autazame kwa upande wa mashariki. Tumbo la mlima liko wazi. Upande mzima uliporomoka miaka elfu kadhaa iliyopita, mawe na matope yakasambaa hadi uwanda wa Sanya kuelekea Kilimanjaro. Vile vilima vidogo mnavyovipita barabarani ni vipande vya mlima, na mabonde katikati yake yakajaa maji, ndiyo maziwa ya Momella. Ndani ya lile pengo kuna koni ndogo ya majivu. Mlima una mita 4,566 na mara ya mwisho ulilipuka mwaka 1910, kidogo tu. Hapo swali ni moja kwa kila mtoto: utalipuka tena? Jibu la kweli ni kwamba inawezekana. Wazazi wengine hunikanyaga mguu nikisema hivyo. Mimi naona afadhali mtoto aogope kidogo akijua kuliko atulie kwa kudanganywa.

Maziwa yenyewe yamekaa jirani lakini rangi ni tofauti, moja kijani, lingine linaelekea bluu, kwa sababu mwani wake ni tofauti. Maji huingia zaidi kwa chini ya ardhi, na mengi huondoka kwa mvuke. Chumvi na madini haviondoki, vinazidi kukolea. Heroe (flamingo) wanakuja kula humo, kichwa wamekipindua juu chini, wakichuja mwani kwa mdomo, na rangi yao ya waridi inatokana na chakula hicho. Kuzaliana wanakwenda Ziwa Natron. Usiwaahidi watoto heroe, kuna siku ni wengi na kuna siku hakuna hata mmoja.

Na hapa ndipo somo la Momella linapowaingia mdomoni. Kati ya madini yanayokolea humo ni floridi, inayotoka kwenye miamba ya volkano hiyo hiyo. Floridi hiyo imo pia katika visima na chemchemi nyingi zinazouzunguka Meru. Yale meno ya kahawia tunayotaniwa nayo watu wa Arusha tukifika Dar ndiyo haya. Mtoto mwenye meno hayo si mchafu wala hakukataa kupiga mswaki: floridi ilizidi wakati meno yangali yanajiunda ndani ya fizi. Na tafadhali, kuchemsha hakuiondoi. Maji yakipungua sufuriani, floridi inabaki ile ile, kwa hiyo umeikoleza. Magadi ya kupikia nayo huwa nayo. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Hapo hapo Ngurdoto kuna kituo cha Wizara ya Maji kilichofanyia utafiti njia ya kuiondoa kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa! Waambie watoto hivyo uone nyuso zao.

Hili nalisema kwa wasiwasi, nakiri. Kila nikilianzisha, watoto wanaanza kuangaliana midomo, na kuna mmoja anafumba wake. Nimejaribu kuanza na ziwa, nimejaribu kuanza na mifupa, na bado sijajua ni njia gani isiyomuaibisha mtu. Lakini kuliacha siwezi, kwa sababu ndilo pekee linalomfanya mtoto aone kwamba mlima ule una habari naye.

Tatizo la mwisho, mnisamehe, ni ninyi wazazi. Gari halijasimama vizuri, baba ameshaanza: "Huyu nani? Kwa Kiingereza anaitwaje? Ana kilo ngapi? Si tulisoma jana?" Safari inakuwa mtihani wa moko wenye magurudumu. Angalieni macho ya mtoto wakati huo: anamtazama baba, mnyama kamsahau. Kwenye gari langu nina sharti moja, mzazi asiulize swali ambalo jibu lake analijua. Aulize asilolijua, na wengi wakifuata sharti hilo wananyamaza nusu saa nzima.

Shule zinapenda karatasi za kujaza: hesabu nyati, chora twiga. Hapo sina msimamo. Wakiwa na karatasi wanaitazama karatasi. Wakikosa karatasi, wasemaji wanne wanaitawala siku na yule mkimya wa kiti cha nyuma hujui alichoona.

Kwa wasio na usafiri: Makumbusho ya Elimu Viumbe yako katika boma la Wajerumani la mwaka 1900, katikati ya mji. Wapimeni watoto nyayo zao kwanza, kisha muwaeleze zile za watu wa kale za Laetoli zilizogunduliwa mwaka 1978, za miaka milioni 3.6. Makumbusho ya Azimio la Arusha ni kwa kuanzia darasa la tano, wadogo watalala. Ziwa Duluti pale Tengeru, tembeeni msituni kando ya maji, ni kreta pia na haimchoshi mtu.

Wa Moshi, najua mtasema chemchemi za Chemka. Nendeni mkaogelee, na msijidanganye kwamba ni masomo. Maji ni vuguvugu tu, ila yana kina, na asiyejua kuogelea avae boya hata kama ana miaka kumi na mitano. Ukitaka kufundisha kitu, mwonyeshe maji yanavyoondoka pale: Mto Kikuletwa, bwawa la Nyumba ya Mungu, Mto Pangani, bahari. Inatosha.

Mambo ya geti: malipo hayafanywi kwa noti, chini ya miaka mitano hawalipi, na kwa matembezi ya miguu ranja akisema mdogo huyu abaki garini, anabaki, msibishane naye. Aprili njia zina matope, njooni na gari linaloweza. Sweta ni lazima hata kama mjini kuna jua. Na saa nane mchana mgeuze gari, hata kama watoto wanalia wanataka kubaki, tena hasa wakilia hivyo.