Mbegu za Kitani: Tunayoambiana na Yaliyo Kweli

Mama mkubwa wangu aliwahi kuacha dawa za presha kwa wiki tatu. Aliyemuuzia mbegu za kitani alimhakikishia kwamba vidonge havina kazi tena. Tulipompeleka kupima, mashine ilisoma 190 kwa 110. Mbegu zenyewe sina ugomvi nazo. Nazitia kwenye uji wangu wa ulezi karibu kila asubuhi. Ugomvi wangu ni na maneno yanayouzwa pamoja nazo.

Wengine wanaziita flaksi. Ni mbegu bapa, ndogo, za kahawia au za rangi ya dhahabu, zinazong'aa kama zimepakwa mafuta. Mmea wake ndio unaotoa nyuzi za kitani, kile kitambaa kinachotajwa sana kwenye Biblia.

"Zinatibu presha, vidonge vya nini?"

Dhana hii inawashika watu kwa sababu ina punje ya ukweli ndani yake. Mwaka 2013 watafiti wa Winnipeg, Kanada, walichapisha matokeo ya jaribio la wagonjwa 110 ambao mishipa yao ya damu ya miguuni ilikuwa imekuwa myembamba. Baadhi walikula gramu 30 za mbegu zilizosagwa kila siku kwa miezi sita. Ukiwalinganisha na wenzao ambao hawakupewa kitani, presha yao ya juu ilikuwa pungufu kwa takriban pointi 10 na ya chini kwa pointi 7. Kwa chakula, hilo ni jambo kubwa. Lakini wengi wa wagonjwa hao walikuwa wakiendelea na dawa walizoandikiwa. Kitani kilisaidiana na dawa, hakikuchukua nafasi yake. Na mtu mwenye 190, ukimpunguzia pointi 10 bado yumo hatarini.

"Meza nzima nzima, tumbo litajua la kufanya"

Tumbo halijui. Ganda la kitani ni gumu, na mbegu usiyoitafuna au kuisaga hupita ikatoka ilivyoingia, pamoja na mafuta yote uliyoyalipia. Saga kwa blenda kavu au mashine ya kusagia kahawa hadi upate unga wenye harufu kama ya karanga. Usisage kilo nzima kwa mkupuo, maana ukishasagwa, mafuta yake huanza kuharibika. Saga wa siku chache, ufunge kwenye chombo kisichopitisha hewa, uweke kwenye friji. Unga ukinukia kama rangi ya mafuta ya kupakia milango, mwaga. Mafuta ya kitani ndiyo yaliyotumika kutengeneza rangi hizo tangu zamani.

Kuna jambo ambalo mtu huliona vizuri akilijaribu mwenyewe: tia kijiko cha unga huo kwenye glasi ya maji, subiri dakika kumi. Utakuta ute unaovutika kama mlenda. Ute huo ni nyuzinyuzi zinazoyeyuka kwenye maji, na ndio unaolainisha choo na kusaidia kushusha kolesteroli mbaya. Sasa fikiria umelamba unga mkavu bila maji: ute huohuo unavimba tumboni, na badala ya kufungua choo unakifunga. Kila kijiko kiende na glasi nzima ya maji. Mwenye tatizo la utumbo kuziba asiziguse kabla ya kuongea na daktari.

"Mafuta yake ni sawa na mbegu"

Hapana. Kwenye chupa ya mafuta hakuna nyuzinyuzi. Pia si ya kukaangia, yanaungua kwa joto dogo tu.

"Nikila kitani, samaki wa nini?"

Kitani kina omega-3 (aina ya mafuta yenye faida mwilini) ya mimea, iitwayo ALA, takriban gramu 1.6 katika kijiko cha chakula cha unga. Omega-3 ya samaki ni ya aina nyingine, na mwili hugeuza sehemu ndogo tu ya ile ya mimea kuwa kama ya samaki. Mwenye kupata dagaa aendelee na dagaa wake.

"Zina homoni za kike, zitaleta saratani ya matiti"

Kinachosemwa hapa ni lignani, kemikali za mimea zinazofanana kwa mbali na estrojeni lakini nguvu yake ni ndogo sana. Huko Toronto, utafiti uliochapishwa mwaka 2005 uliwapa wanawake waliokuwa wakisubiri upasuaji wa saratani ya matiti keki ndogo zenye gramu 25 za kitani kila siku, na kasi ya chembe za uvimbe kugawanyika ilipungua. Ulikuwa utafiti mdogo, kwa hiyo sisemi kitani ni tiba. Anayetibiwa saratani amwambie daktari wake anachokula.

"Zina sumu"

Zina kidogo cha linamarini, kemikali inayoweza kutoa sumu ya sayanidi, ileile iliyomo kwenye muhogo. Kijiko kimoja au viwili vya chakula kwa siku havimdhuru mtu mzima. Kikombe kizima usile.

Mama mkubwa sasa anameza kidonge chake kwanza. Kitani anakisubirisha kama saa mbili, maana ule ute unaweza kuchelewesha dawa kuingia mwilini, kisha anakoroga kijiko kimoja kwenye uji, glasi ya maji ikiwa pembeni.