Je, bahari hupwa asubuhi na kujaa jioni?

Huku Mbeya, mtu akiaga kwamba anakwenda Dar es Salaam kutembea siku mbili peke yake, huambiwa: pwani nenda jioni, asubuhi maji huwa yametoka. Wengi tumelikuta neno hilo na kulipokea. Ziwa letu, Nyasa, halina kupwa na kujaa kwa kuonekana kwa macho; kina chake hubadilika kwa misimu ya mvua.

Bahari hufuata mwezi zaidi kuliko jua. Kwa siku hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu huwa bamvua, yaani maji hujaa na kupwa kupita kawaida: Dar hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa mnamo saa nne. Kwa hiyo aliyeleta neno lile, kama alifika pwani siku hizo, hakudanganya. Angerudi baada ya wiki moja, wakati wa maji mafu, angekuta mambo yamegeuka: asubuhi yamejaa, jioni yamepwa, tena hayaendi mbali.

Kabla ya kukata tiketi ya basi, tazama mwezi. Ukifika Coco Beach, chomeka kijiti mawimbi yanapoishia, nunua muhogo wa kukaanga, kisha ukiangalie baada ya nusu saa. Kikizungukwa na maji, yanajaa. Kikibaki kwenye mchanga mbichi, yanapwa. Mimi viatu vililowa kabla sijamaliza muhogo.