Nyambizi za vita hazikuishi chini ya maji

Wengi hudhani ofisa wa nyambizi katika Vita Kuu ya Pili alipigana akiwa kilindini, jicho kwenye periskopu, bomba la kutazamia juu ya maji. Wapi! Otto Kretschmer, Mjerumani aliyeongoza nyambizi U-99, alipenda kushambulia usiku akiwa juu ya maji, amesimama nje kwenye mnara, chombo kikijipenyeza katikati ya msafara wa meli. Kisa ni betri. Juu, injini za dizeli zilikimbia zaidi ya kilomita 30 kwa saa. Chini, mota za umeme zilizotegemea betri zilifika 15 tu, tena kwa muda mfupi. Kuzama kulikuwa kujificha. Machi 1941 mabomu ya Waingereza yalimlazimisha kuibuka, akatekwa. Darubini yake ya shingoni ilichukuliwa na Donald Macintyre, nahodha wa Walker, meli ya kivita ya Uingereza.