Hesselius hakuchora matajiri wa kizungu tu

Wengi huamini kwamba wachoraji wa sura katika makoloni ya Uingereza huko Amerika waliwachora matajiri wa kizungu peke yao. Si kweli. Gustavus Hesselius, Mswidi aliyehamia huko mwaka 1712 (alipaka rangi hata nyumba na meli ili apate riziki), aliagizwa na familia ya Penn, wamiliki wa koloni la Pennsylvania, mwaka 1735 awachore viongozi wawili wa Walenape, wenyeji asilia wa eneo hilo, Tishcohan na Lapowinsa. Mtazame Tishcohan: blanketi la buluu begani, mkoba wa ngozi ya kindi shingoni, kiko ndani yake, makunyanzi ya uso hayakufichwa. Amechorwa kama mtu mwenye heshima zake. Kinachouma ni kwamba mwaka 1737 familia hiyohiyo iliwapora Walenape ardhi yao kwa mkataba wa hila.