Adhabu ya viboko si kila kipigo cha shuleni

Kila inaposambaa video ya mwalimu akimshushia mwanafunzi makofi, hakosi mtu wa kusema kwamba mwalimu huyo amezidisha tu, kwa sababu adhabu ya viboko inaruhusiwa kisheria. Vyombo vya habari navyo huandika kwamba mwanafunzi "amepewa adhabu ya viboko", hata pale alipopigwa mateke au kwa mpini wa jembe. Hapo ndipo ninapoomba tusimame kidogo.

Kwa Tanzania Bara, adhabu ya viboko ni jambo lenye mipaka iliyoandikwa. Kanuni za mwaka 2002, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, zinaieleza kuwa ni kumchapa mwanafunzi mkononi, au kwenye makalio yaliyofunikwa na nguo zake za kawaida, kwa fimbo nyepesi inayonepa. Kumpiga kwa chombo kingine chochote, au sehemu nyingine yoyote ya mwili, kumewekwa nje ya maana hiyo kwa maneno ya wazi.

Kwa hiyo kofi la shavuni si adhabu ya viboko iliyozidi kiasi. Si adhabu ya viboko kabisa. Tofauti hii ni kubwa, kwa maana anayesema mwalimu "amezidisha" anakuwa ameshakubali kwamba mwalimu alianza akiwa na haki, na kwamba kilichobaki ni kupima kiasi, ilhali kanuni hazikumpa haki hiyo tangu mwanzo.

Hata fimbo ikiwa ndiyo yenyewe, bado kuna masharti. Kosa liwe kubwa la utovu wa nidhamu, au liwe la kuivunjia shule heshima. Viboko visizidi vinne kwa mara moja. Na uangaliwe umri, jinsia na afya ya mwanafunzi. Mwenye mamlaka ya kuchapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyemkasimu kwa maandishi. Msichana huchapwa na mwalimu wa kike, isipokuwa kama shule haina mwalimu wa kike. Kisha jina la mwanafunzi, kosa lake, idadi ya viboko na jina la aliyemchapa huandikwa katika kitabu maalumu.

Sasa mtazame mwalimu wa zamu asubuhi, amesimama getini na fimbo, wachelewaji wamepanga foleni, kila mmoja ananyoosha mkono, anachapwa na kukimbilia mstarini. Hakuna barua ya kumkasimu wala kitabu kilichofunguliwa, na hakuna aliyeuliza kama yule mdogo wa nyuma anaumwa. Au darasa zima linachapwa kwa kufeli jaribio la hisabati, mtoto mmoja kiboko kimoja kwa kila swali alilokosa. Kufeli hisabati si utovu wa nidhamu hata kidogo.

Wapo pia wanaodai kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilifuta viboko. Haikufuta, ilikataza marekebisho yanayopita kiasi kwa kuzingatia umri na hali ya mtoto. Kenya ndiyo iliyoondoa viboko shuleni mwaka 2001, na mimi ningependa nasi tufike huko. Ila hatuwezi kujadili vizuri kama kiondolewe au kibaki kitu ambacho wengi wetu hatujakisoma, huku tukikiita kwa jina lake kila aina ya kipigo.

Kwa ndugu zangu waandishi wa habari, ombi langu ni dogo: mwalimu akimpiga mwanafunzi ngumi, andikeni kwamba amempiga ngumi. Na mzazi ambaye mwanawe amerudi nyumbani na alama mgongoni, akiambiwa na ofisi ya shule kwamba ile ilikuwa adhabu ya viboko, aombe kwa upole aonyeshwe ilipoandikwa katika kile kitabu, na ni nani aliyeruhusu mgongo.